Samani za Kufunguka: Karakana Moja ya Mkomani

Nyumba ya kale ya Lamu hupimwa kwa boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari ya mawe na chokaa ukizidi urefu wa kiasi cha mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya Mkomani ni virefu na vyembamba, na kila kiingiacho ndani sharti kikubali kipimo hicho. Vichochoro navyo havina huruma. Punda wawili wenye mizigo wakikabiliana, mmoja hurudi nyuma.

Katika mtaa huo tulimkuta seremala kijana ambaye hachongi milango kama wazee wake. Yeye huunda masanduku ya mwembe, yote ya kipimo kimoja, yasiyo na msumari hata mmoja: ulimi wa ubao huingia tunduni, kigingi kikaukaza. Mawili yakilazwa huwa kiti cha barazani. Manne yakipandanishwa huwa kabati. Sita, na godoro juu, ni kitanda.

Wapo wanaouita huu uzungu. Hatukubaliani nao, kwani hata samadari ya bibi zetu hufunguliwa nguzo na mbavu kabla ya kupita mlangoni.

Katika msafara wetu alikuwamo mama aliyekwisha kuhama nyumba tatu za kupanga mjini Mombasa. Katika uhamisho wa mwisho, kabati la marehemu mamake halikupita ngazini, akaliuza kwa bei ya kuni. Alisimama muda mrefu mbele ya masanduku yale, akichomoa vigingi na kuvirudisha.

“Mwanangu, likifunguliwa mara kumi halitalegea?”

“Kigingi ndicho kitakacholika, mama. Nimekichonga kwa mti laini makusudi. Kikilika, chonga kingine. Ubao utabaki salama.”

Akamwuliza pia kuhusu bungua, maana mwembe usiokaushwa vyema huliwa upesi. Kijana akamwonyesha mbao zilizopangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite kati yake.

Kwetu sisi, upungufu wa kazi hii ni nakshi. Nyuso zake ni tupu mno kwa chumba cha bi harusi, na bei yake si ya kila mtu.

Mwenzetu ameagiza manne, na ameomba moja litiwe nakshi ya waridi kama ile ya kabati la mamake. Yatavushwa kwa boti hadi Mokowe yakiwa vipande, kisha yapakiwe basi la Mombasa.