Uvunguni

Jumatatu, 2 Februari

Usiku. Taa za nyuma za lori zinapepesa tena. Nimebadilisha balbu, wapi. Nikaingia uvunguni na tochi, nikaufuata waya wa arthi mpaka pale unapofungwa kwenye chesisi. Boliti imevimba, imegeuka donge la kahawia. Nimeugusa waya kwa bisibisi tu, umekatika.

Si taa, basi. Ni kutu.

Nikachukua nyundo, nikagonga kidogo kidogo kuelekea nyuma. Chuma kizima hulia, mlio unakwenda mbali. Nilipofika krosimemba ya mwisho, ile iliyobeba mkia wote wa bodi, mlio ukafa. Pu. Nikarudia. Pu.

Mama watoto ameniuliza mbona sili. Nimemwambia nimeshiba. Hakuamini, na sahani ameifunika akaiacha mezani.

Jumanne, 3 Februari

Marereni tangu alfajiri. Chumvi ya leo ilikuwa mbichi kabisa, imekokotwa dimbwini jana, mifuko inachuruzika. Nilisimama nyuma ya gari nikatazama maji yanavyopita kwenye nyufa za sakafu ya bodi, tone moja moja, juu ya chesisi, juu ya springi, juu ya paipu ya breki. Hakuna anayeyaona. Wapakiaji wanaimba, mizani inapanda, mimi macho yako kwenye matone.

Watu wanadhani chumvi ni ile ya mezani. Hii ina uchungu wake. Maji ya bahari yakikauka juani chumvi hukaa chini, na maji machungu yanayobaki juu ndiyo yenye magnesi. Chumvi isipochujwa vizuri hubeba uchungu huo, na balaa liko hapo. Chumvi safi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Hiyo chumvi ya magnesi huanza kuvuta kwenye asilimia 33 hivi. Malindi hapa ni lini hewa imekauka hivyo? Hata kaskazi ikivuma mchana kutwa haifiki huko. Kwa hiyo gari likishapakia chumvi, uvungu haukauki tena. Unaliegesha juani, bodi inawaka moto, chini bado kumelowa.

Narudi nimevuka daraja la Sabaki, maji ya mto mekundu kwa udongo, nawaza jambo hilo moja tu. Halikauki.

Alhamisi, 5 Februari

Gereji. Fundi amelipandisha juu ya shimo, tukashuka wote wawili.

Aliyeniuzia gari hili alikuwa amelipaka lami chini kote, nene, nyeusi, inang'aa. Alijivunia sana. "Halitashika kutu milele hili." Leo fundi amechomeka tindo pembeni ya lami na kuivuta. Imebanduka pande zima, urefu wa mkono. Ndani yake maji. Maji! Na baada ya maji, kutu yenye matabaka, inachambuka kama chapati za kusukuma. Fundi hakusema neno. Alinipa lile pande nilishike.

Lami ilipakwa juu ya kutu na chumvi. Ikaizingira, ikafunga mlango. Ikipata ufa mdogo wa jiwe, maji yanaingia, kutoka hayawezi, na jua halifiki. Nje pazuri, ndani panaoza.

Tena kuna hili. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi. Pale chesisi ilipoongezwa bamba la pili kwa nguvu, kutu imeota katikati na kuyasukuma mabamba mawili mpaka yameachana. Nimeingiza sarafu ya shilingi kumi kati yao. Imeingia bila kulazimishwa. Chuma kinene namna ile, boliti zimekazwa, na bado kimesukumwa.

Orodha ya fundi: krosimemba ya nyuma itoke, iwekwe nyingine. Paipu ya breki ya kulia ibadilishwe yote, asiungeunge. Hengeri moja ya springi ina mashaka. Chesisi yenyewe inaponyeka, amesema. Nimemwomba arudie. Inaponyeka.

Nimetoka shimoni, nimeketi kwenye tairi. Nilihitaji kuketi.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya swala shemeji akanivuta kando. Ushauri wake mfupi: "Shemeji, piga lami nyingine, lioshe juu, uza kabla ya masika. Hesabu yako utaipata."

Nimekasirika mpaka sasa hivi mkono unaandika vibaya. Nani atanunua? Kijana mmoja na mkopo wake. Atapakia saruji, atateremka Mazeras na tani saba mgongoni, akanyage breki, na paipu iliyobaki unene wa karatasi ipasuke. Mimi nitakuwa nimelala kwangu na pesa zake.

Siuzi. Nimemjibu kwa heshima, ni kaka wa mke wangu, lakini nimemjibu.

Pesa ni kweli hazitoshi. Karo ya muhula, halafu hii. Mama watoto amesikia yote (kuta zetu nyembamba), akaja na bahasha ya chama chake, akaiweka juu ya daftari hili. Hakusema kitu. Nitamlipa kabla zamu yake haijafika.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepita Shela kumjulia hali mzee nahodha. Shikamoo, marahaba, kahawa chungu, tende. Miguu imemwisha, kichwa kiko timamu. Nikamweleza habari ya lami. Akatikisa kichwa kitambo.

"Mwanangu, chombo hakipakwi kikiwa kibichi. Tulikuwa tukikipandisha pwani, tunakikwangua, tunakiacha kinywe jua. Ndipo deheni chini, sifa juu. Na msimu ukija, tena. Hujapata kusikia chombo kilichopakwa mara moja kikawa basi."

Deheni yao ilikuwa shahamu na chokaa, sifa ni mafuta ya papa. Harufu yake naikumbuka tangu utoto, inashika nguo wiki nzima. Mwanangu mkubwa ameniambia jioni, katazama kwenye simu, kwamba nahodha mmoja wa Kiskoti, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yamezuia kutu, na jambo hilo likazaa kampuni ya rangi huko Marekani mwaka 1921, Rust-Oleum. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Wazee wetu na yule nahodha walishika mafuta yaleyale.

Mzee kanipa kitu kingine: maganda makavu ya mkandaa, kutoka kwenye boriti za zamani. Walikuwa wakichemsha wakatia rangi tanga na kamba. "Chemsha, upake kwenye kutu, utazame." Nitatazama.

Jumatatu, 9 Februari

Nimechemsha. Sufuria ya zamani, maji mekundu ya kahawia. Nimepaka kwenye hengeri iliyotolewa. Mbele ya macho yangu kutu nyekundu imeanza kuiva, kahawia, zambarau, na kufikia adhuhuri nyeusi tititi, imeshikamana na chuma, haifutiki kwa kidole. Fundi ameacha kazi akaja kutazama. Ni ule ukali wa maganda unaofungamana na chuma. Dawa za dukani za kugeuza kutu, nyingine zina kitu hichohicho. Sitaitegemea peke yake, rangi itapita juu, lakini hengeri yote nimeipaka.

Jumanne, 10 Februari

Kukwangua. Brashi ya waya kwenye grenda, vumbi jekundu kila mahali, puani, kwenye kope. Tanboi nimemvisha miwani na kitambaa, hataki, nimemlazimisha.

Ugomvi wa maji. Gereji wana kisima, kijana akaanza kuosha kwa maji yake. Nimemsimamisha. "Onja kwanza." Kaonja, katema. Maji ya chumvi kabisa. Kuoshea chumvi kwa chumvi! Tumeenda kwa vijana wa kuosha magari wenye maji ya mfereji, ya Baricho, tukalipa. Mashine imepigwa chini kwa chini, kila kona, nyuma ya tangi, juu ya difu, ndani ya mikunjo ya chesisi. Nimesimama palepale hadi maji yanayotoka yakawa meupe.

Halafu matundu. Chuma cha mraba chini ya kebini ya dereva kina matundu madogo ya kutolea maji, yamezibwa na udongo na ile lami. Nimechukua spoku ya baiskeli, nikachokonoa. Tundu la kwanza, kimya. La pili, likapasuka: maji ya kahawia yakanichuruzikia kwenye kiwiko, yakaendelea, yakaendelea. Nikalamba kidole. Chumvi. Yamekaa humo tangu lini? Nimezibua yote, na tanboi nimempa spoku ile, aiweke garini pamoja na spana.

Gari limebaki juani, uvungu wazi. Nalionea raha.

Jumatano, 11 Februari

Krosimemba mpya imeingia, kwa boliti. Fundi alitaka kuchomelea kwenye mdomo wa chesisi, nikakataa, na akakubali upesi maana anajua: mdomo wa chesisi ukichomwa ovyo hupasuka hapo hapo. Kipande kimoja kidogo cha bodi ndicho kilichochomelewa, betri tukiwa tumeitoa.

Palipobaki chuma kitupu, rangi ya zinki. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata ikikwaruzwa bado inapigana, ila lazima iguse chuma chenyewe, si kutu. Palipobaki weusi wa mkandaa, redoksaidi. Mkono wa kwanza mwembamba, nimesimamia mwenyewe.

Alhamisi, 12 Februari

Hakuna kitu. Mafuta ya nta ya kupuliza uvunguni hayajatoka Mombasa. Nimelala mchana.

Fundi anasisitiza tupulize oili chafu, "kila mtu anafanya." Najua kila mtu anafanya. Oili iliyokwishatumika ina asidi na masizi na vumbi la vyuma, inalainisha bushi za mpira, na inadondoka mchangani mpaka kisimani. Watu wa pale nyuma wanateka hapo maji ya kufulia. Hapana. Hili sikulisema kwa upole, na sijutii.

Jumamosi, 14 Februari

Yamefika! Tumeyapasha moto kidogo juani yawe mepesi, tukafunga dramu za breki kwa magunia, ekzosi pia, hozi za mpira zote. Mafuta yakigusa breki ni mauti. Halafu kompresa. Mpira mrefu mwembamba ukaingizwa ndani ya chuma cha mraba, kwenye tundu, ukavutwa nyuma taratibu huku unapuliza. Yakatokea upande wa pili, yanang'aa, yanapenya yenyewe kwenye kila mwanya. Uzuri wa nta hii hapo: haigandi ikawa gamba. Inabaki laini, jiwe likiikwaruza inajivuta ikafunika tena. Na nikitaka kuona chuma nafuta kwa kitambaa, naona. Lami ilinificha.

Kati ya yale mabamba yaliyoachana, tumepuliza mara mbili. Fundi amekaza boliti mpya, mwanya umepungua. Sarafu haiingii.

Kazi kubwa kuliko zote nimeiacha mwisho, nayo si ya uvunguni. Turubai nzito juu ya sakafu yote ya bodi, kingo zimekunjwa juu, na mrija mmoja nyuma unaotoa maji nje ya gurudumu. Chumvi ivuje itakavyo, itatokea pale, si juu ya chesisi.

Nimeimba njiani kurudi. Tanboi kashangaa.

Jumatatu, 16 Februari

Mzigo wa kwanza. Marereni hadi Mombasa. Mrija umefanya kazi, nimeukagua Kilifi, Mtwapa, na baada ya kushusha. Chini pakavu. Taa zinawaka hazipepesi.

Nimerudi usiku, nimechoka, na bado nimepita kwa vijana wa maji ya mfereji kabla ya nyumbani. Hiyo ndiyo itakuwa desturi: chumvi ikishuka, maji baridi chini, usiku huohuo. Na tangi za upepo, valvu ifunguliwe kila jioni, maji yanayojikusanya humo hula tangi kutoka ndani na hakuna rangi inayofika huko. Tanboi kaifungua leo bila kuambiwa. Kikatoka kijiko cha maji na pumzi ndefu.

Nimemwekea tanboi sharti moja, na nimejiandikia hapa pia: nta irudiwe kabla ya kila masika, hata kama haionekani kuisha.

Bahasha ya mama watoto bado sijaijaza. Safari ya Ijumaa ni yake.

Inspekshani ni Alhamisi. Nyundo nimepita nayo tena kabla ya kuingia ndani, kutoka mbele mpaka krosimemba ya mwisho. Chesisi yote inalia.