Saa Kumi na Moja Jioni



Wapendwa, hapa Mugumu jazi hutukumbusha ukumbi wa dansi wenye kiingilio. Mkoa wetu wenyewe ulikuwa na bendi ya Mara Jazz. Lakini mwaka 1965, mjini New York, mchungaji wa Kilutheri John Garcia Gensel alianzisha ibada ya jioni yenye muziki huo, isiyo na kiingilio, ambayo baadaye ilikita mizizi katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Hakuwashutumu wanamuziki kwa kukosa ibada ya asubuhi. Alijua kwamba walikesha kazini. Akaiweka Jumapili saa 11 jioni.

Nasi tunao wakeshaji wetu: wanaolinda mashamba dhidi ya tembo watokao hifadhini, walinzi wa maduka, wauguzi wa zamu. Tukiona nafasi zao zi tupu, twawahukumu upesi kuwa ni wavivu wa sala. Je, kengele yetu imewahi kulia saa wanayoweza kuiitikia? Mchungaji mwema hamngojei kondoo zizini, bali humfuata aliko. Juma hili, katika jumuiya zetu ndogondogo, tuwaulize wenyewe ni saa ipi inayowafaa, kisha tuwe tayari kuisogeza yetu.