O.V. Wright: sauti yake, jina la mwingine

Wiki hii hakuna mambo ya seva wala hifadhidata, wadau. Nataka kuwaandikia juu ya mwimbaji ninayemsikiliza usiku nikiwa naandika programu: Overton Vertis Wright, anayejulikana zaidi kama O.V. Wright. Ukimtaja Otis Redding au Al Green, wapenzi wa soul wanatikisa kichwa kukubali. Ukimtaja Wright wanakuuliza, huyo ni nani tena?

Alizaliwa Tennessee, Marekani, tarehe 9 Oktoba 1939, akaanza kuimba kanisani angali mtoto. Kabla ya nyimbo za mapenzi aliimba katika vikundi vya injili, kikiwemo Sunset Travelers, waliorekodi na kampuni ya Peacock. Mwenye Peacock alikuwa Don Robey, mfanyabiashara wa Houston. Lishike jina hilo, tutalirudia.

Soul aliyoimba Wright ni ile nzito ya kusini mwa Marekani. Wimbo unakwenda polepole, na mwimbaji anachukua namna ya kuhubiri ya makanisa ya Wamarekani Weusi na kusimulia nayo mapenzi, wivu na kuachwa. Kama umewahi kukesha kanisani ukamsikia mtu akitoa ushuhuda, njia hiyo unaijua. Anaanza chini, kana kwamba anazungumza na jirani yake kwenye benchi. Ogani inamfuata nyumanyuma. Anarudia neno moja, tena na tena, kila mara likipanda kidogo, na sauti inapokwaruza unajua kwamba hasimulii tena, analia. Wright alikufikisha hapo bila kelele nyingi. Ndiyo maana mimi namweka juu ya wengi waliompita kwa umaarufu.

Mwaka 1964 alirekodi That's How Strong My Love Is, utunzi wa Roosevelt Jamison, kwa kampuni ndogo ya Goldwax mjini Memphis. Haukupita muda Otis Redding akaurekodi pia, na mwaka 1965 Rolling Stones nao wakauimba. Hadi leo wengi wanaujua kwa sauti ya Redding. Papo hapo Robey akajitokeza na kudai kwamba Wright bado ni wake, kwa mkataba wa siku za injili. Goldwax wakampoteza, na Wright akaenda kurekodi chini ya Back Beat, lebo ya Robey.

Robey alikuwa na desturi moja. Nyimbo nyingi zilizopita mikononi mwake zilisajiliwa kwa jina la mtunzi Deadric Malone, na huyo Malone ni yeye mwenyewe. Chukua Eight Men, Four Women ya mwaka 1967, mojawapo ya nyimbo za Wright zilizofanya vizuri zaidi sokoni. Mtu anaota yuko mahakamani, wanaume 8 na wanawake 4 wanamwona ana hatia, na kosa lake ni kupenda. Tazama jina la mtunzi kwenye santuri: D. Malone.

Sisi tunaoandika programu tunalielewa jambo hili. Mfumo wa kutunza matoleo unaonyesha kila mstari uliandikwa na nani, lakini mwenye mali ni yule anayetajwa kwenye mkataba. Sasa hivi nina mkataba wa kazi mezani, kampuni siitaji. Mshahara ni mzuri kuliko ninaopata. Lakini kipengele kimoja kinasema kila programu nitakayoandika nikiwa mwajiriwa wao, mchana ofisini au usiku nyumbani, ni mali yao. Kuna programu ndogo niliyomwandikia mama ya kuweka hesabu za chama chao, na bado naiongezea mambo. Akina mama 23 wanaitegemea kila mwezi. Niliomba kipengele kibadilishwe, nikaambiwa nitie sahihi kama kilivyo au niache. Nimepewa hadi Ijumaa.

Ningependa kusema kwamba Wright amenipa jibu, lakini habari yake ina pande mbili. Akiwa chini ya mkataba huohuo ndipo alipofanya kazi zake bora na mtayarishaji Willie Mitchell, katika studio ya Royal mjini Memphis, jengo lililokuwa ukumbi wa sinema. Humo walikuwamo ndugu watatu wa ukoo wa Hodges: Charles kwenye ogani, Leroy kwenye besi na Teenie kwenye gitaa. Ni haohao unaowasikia nyuma ya Al Green. Bila Robey, pengine tusingekuwa na A Nickel and a Nail ya mwaka 1971, ambamo mtu aliyekuwa na mali na mapenzi amebaki na sarafu ya senti 5 na msumari mfukoni.

Mwaka 1973 Robey aliuza lebo zake kwa kampuni ya ABC. Wright alifungwa kwa makosa ya dawa za kulevya, akatoka, akarudi kwa Mitchell kurekodi na Hi Records. Alifariki tarehe 16 Novemba 1980, ana miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2008, mashabiki walipochanga wakaliweka. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Ghostface Killah alikuwa amechukua kipande cha Motherless Child ya Wright akakijengea wimbo wake. Vijana wengi waliisikia sauti hiyo bila kujua ni ya nani.

Kama hujawahi kumsikiliza, anza na You're Gonna Make Me Cry ya 1965, kisha Ace of Spade ya 1970, halafu A Nickel and a Nail. Vaa hedifoni, zima simu. Katika ule wa mwisho ngoja Wright anapokaribia kumaliza, maneno yamemwishia na bado anaendelea kuimba. Hapo jina lolote liandikwe kwenye santuri, hakuna mwingine anayeweza kuwa yeye.