Sokoine Tunayemhitaji Rudewa

Ukitoka Rudewa kwenda Morogoro kwa njia ya Dumila, utapita Dakawa. Hapo ndipo Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, akitokea bungeni Dodoma. Alikuwa na miaka 45.

Nikipita pale, mawazo yangu huenda kule alikoanzia. Mwaka 1963 alikuwa ofisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Miaka miwili baadaye wananchi wakamchagua kuwa mbunge, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1980 akaachia ngazi, akaenda kusoma Yugoslavia. Nalirudia jambo hili kila mara, maana wakubwa wanaong'atuka wakiwa bado wana nguvu wanahesabika. Februari 1983 akarejea katika cheo kilekile, na punde ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Sukari na sabuni zilizofichwa zikatolewa magodauni. Msako ule uliwakumba pia wachuuzi wadogo wasio na hatia kubwa, nami siwezi kulifumbia macho hilo. Ila hakuna aliyewahi kusema Sokoine alijilimbikizia mali.

Sisi wa Rudewa tuna sababu yetu ya kumtafakari. Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Msiba ule haujatutoka. Hata leo ng'ombe wakiingia shambani, kabla mtu hajauliza mahindi kiasi gani yameliwa, ameshataja kabila la mwenye ng'ombe. Wakati huohuo asubuhi tunanunua maziwa kwa mama wa Kimasai, naye anarudi nyumbani na unga wetu.

Sokoine alikuwa Mmasai wa Monduli, mtoto wa wafugaji, na hakuuficha Umasai wake ili apate ukubwa. Alipokufa, wakulima walimlilia kama ndugu yao, kwa sababu walipomhitaji hawakuulizwa kabila.

Kwa hiyo mgombea udiwani akija kwetu kuomba kura, nataka atueleze ng'ombe wapite wapi kiangazi, wanywe maji wapi, na aliyeliwa mahindi yake alipwe na nani, ndani ya siku ngapi. Ayaseme hayo kwenye mkutano mmoja, wakulima na wafugaji wote wakimsikia.