Alipewa Nini?

Hadithi tulizorithi zina ukarimu mwingi kwa watu wema. Maskini aliyegawana tonge lake na mgeni huamka asubuhi akakuta jungu la dhahabu. Kijana aliyetunza amana huozwa binti wa sultani. Yatima mvumilivu huishia katika jumba. Sungura naye hushinda kwa hila, Fisi akabaki na njaa. Sisemi kwamba hadithi hizi zitupwe. Lugha yetu ingekuwa mkiwa bila ya Sungura, na mzazi awanyimaye wanawe hadithi zake kwa kuwa Sungura ni mwizi amewanyima chumvi kwa kuogopa bahari.

Lakini nina shaka moja, nayo ilinijia kwa kinywa cha binti yangu alipokuwa na umri wa miaka saba. Nilikuwa nikimsimulia habari za muuza samaki wa mtaani kwetu. Mteja mmoja alisahau mkoba wake juu ya meza ya samaki. Yule muuzaji aliacha biashara yake juani, akamfuata mwenye mkoba mpaka kituo cha basi. Mteja alihesabu fedha zake mara mbili mbele ya macho yake, akapanda basi pasipo kusema ahsante. Aliporudi, paka walikuwa wamekwisha kujihudumia.

Mtoto alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Baba, alipewa nini?"

Nilimjibu kuwa hakupewa kitu. Akanitazama kama mtu aliyepunjwa mizani.

Swali lile lilikuwa la haki. Ndivyo tulivyomfunza: wema hulipwa, tena hulipwa kabla hadithi haijesha. Mtoto aliyezoea mpango huo atakuwa mwema mpaka siku ya kwanza malipo yatakapochelewa, na siku hiyo haiko mbali katika maisha ya mtu yeyote. Mwaminifu huchekwa, mlaghai hupandishwa cheo. Tabia huhitajiwa kwa siku hiyo, wala si kwa siku ya jungu la dhahabu.

Basi nikaanza kuwatafutia wanangu mashujaa wasiolipwa. Wengi wao ni majirani, na majina yao nayaacha nyumbani. Mmoja anajulikana na dunia: John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, mjini Mexico, alikimbia mbio ndefu za kilomita 42 kwa ajili ya Tanzania. Njiani alianguka, akaumia goti vibaya. Wengine kadhaa waliacha mbio siku ile, na hakuna aliyewalaumu. Yeye alifungwa bandeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla yake. Jua lilikuwa limekuchwa, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Akhwari aliingia uwanjani, akamaliza, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza.

Nilipofika hapo nilinyamaza. Sikueleza maana, maana mtoto aliyeelezwa maana huacha kuitafuta. Nilingoja lile swali la tuzo. Halikuja. Mdogo wao, ambaye hupenda kulala kabla ya mwisho, aliinua kichwa akauliza kama goti lilipona.

Nikamwambia kuwa mwaka 1970 alikimbia tena mbio zile zile, mjini Edinburgh, akawa wa tano.