Kericho Inanyesha, Mdomo wa Mathe Umekauka

Wasee, huku kwetu mvua si habari. Ikifika saa tisa mchana, wingu linashukia mashamba ya chai na wachumaji wanakimbia na vikapu mgongoni. Mathe ni mmoja wao. Sasa fikiria mtu analoweshwa na mvua hivyo, na bado mdomo wake umekauka kama vumbi.

Ilianza na kimyet. Tonge haliendi bila maji. Usiku anaamka mara tatu kunywa. Tukasema ni sukari, akapimwa, hana. Macho yakawa yanawasha kama yameingia mchanga, akapewa matone. Meno yakaoza, akang'olewa moja baada ya lingine. Mashavu yakafura chini ya masikio, jirani akasema ni matumbwitumbwi. Vidole vikauma, tukasema si ni kuchuma majani? Kila shida na dawa yake. Miaka mitatu.

Na mimi? Nilimrekodi akishushia kila tonge na maji, nikaposti na emoji za kucheka. Wengi wenu mlicheka. Hiyo video nimeifuta.

Siku moja daktari akamuuliza swali moja tu: "Mama, unaweza kula mkate mkavu bila maji?" Mathe akacheka, akatingisha kichwa. Akawekewa kijikaratasi kwa kope ya chini, dakika tano, kikatoka karibu kikavu. Damu ikapimwa, kisha kipande kidogo cha ndani ya mdomo wa chini kikakatwa kikapimwe.

Jina likapatikana: ugonjwa wa Sjögren. Unaitwa hivyo kwa sababu ya Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyeuandikia mwaka wa 1933. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, inageuka na kushambulia tezi za mate na machozi. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Venus Williams, yule wa tenisi, alitangaza mwaka wa 2011 kwamba anao. Hauambukizi. Si uchawi. Na meno ya mathe hayakuoza kwa uchafu: mate ndiyo huosha meno na kupunguza asidi. Yakiisha, hata ukipiga mswaki kila siku, meno yanaumia.

Tiba ya kuumaliza haipo. Lakini kuna maji kidogo kidogo, dawa ya meno yenye floridi, machozi ya dukani, na kuonwa na daktari mara kwa mara, juu tezi zikikaa zimefura zinaweza kuficha saratani ya limfu.

Nilipomwomba msamaha alisema tu, "We mtoto, niletee maji."

Kwa hivyo jioni hii mkiwa mezani, weka simu chini. Angalia mathe wako anavyomeza. Ukiona hawezi bila maji, usicheke. Muulize na macho yake je.