Mwalimu Mgeni

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwaka 2023 sisi wapenzi wa Yanga hatukuwa wagonjwa. Mwalimu Nabi alikuwa ametufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. USM Alger walitufunga 2-1 Dar es Salaam, tukawashinda 1-0 Algiers, kombe likatuponyoka kwa sheria ya mabao ya ugenini. Alipokuja Gamondi tulijiuliza: atajenga juu ya msingi alioukuta, ama ataubomoa? Alitwaa ubingwa wa ligi, na Novemba 2024 naye akaondoka. Shaka ikabisha hodi upya. Walimu hupita. Klabu iliyoasisiwa mwaka 1935 ni urithi wetu, na mwenye urithi ana wajibu wa kumhoji mgeni, kwa adabu.